Bomba la Chuma Linapotoboka Kwenye Maji ya Chumvi ya Visima vya Mafuta: Dalili, Visababishi na Hatua za Kuchukua

Mafuta hayatoki ardhini peke yake. Hupanda pamoja na gesi na maji, na maji hayo aghalabu huwa na chumvi kuliko bahari: lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, ilhali yapo maeneo ya mafuta ambako lita moja hubeba zaidi ya gramu 200. Kadiri kisima kinavyozeeka ndivyo maji yanavyozidi, na katika maeneo ya zamani ya Oman maji yanayopita mabombani ni mengi mara kadhaa kuliko mafuta yenyewe. Mwongozo huu unahusu mabomba ya chuma cha kawaida yanayobeba mchanganyiko huo kutoka kisimani hadi kituo cha kutenganisha, pamoja na yale yanayorudisha maji ardhini.

Jambo moja liwekwe wazi mapema, kwa kuwa ndilo linalopoteza fedha nyingi. Chumvi hulaumiwa kwa kila tundu, lakini chumvi peke yake haili chuma kwa kasi. Kazi yake ni kuyafanya maji yapitishe umeme vizuri na kuvunja utando mwembamba unaokinga chuma. Mlaji hasa ni oksijeni, kaboni dayoksaidi, haidrojeni salfaidi au bakteria. Tena maji yakikolea chumvi mno hubeba oksijeni kidogo, ndiyo maana katika maji yaliyo wazi kwa hewa kasi ya kutu hufika kileleni chumvi ikiwa karibu asilimia 3, kisha hushuka. Kwa hiyo kabla ya kuagiza pipa jingine la dawa ya kuzuia kutu, lisome tundu lenyewe: lipo sehemu gani ya bomba, lina umbo gani, na limezungukwa na uchafu wa rangi gani.

Kabla ya kulikaribia bomba

Haidrojeni salfaidi hunuka mayai viza ikiwa kidogo, lakini ikikaribia sehemu 100 kwa milioni hewani huipumbaza pua, na mtu hudhani gesi imeondoka wakati ndiyo kwanza imezidi. Vaa kigunduzi cha gesi kifuani, simama upande upepo unakotoka, na usiende peke yako. Kigunduzi kikilia, ondoka. Kumfuata mwenzako aliyeanguka bila kifaa cha kupumulia ni kuongeza maiti ya pili.

Usigonge wala kukwangua kutu kwenye bomba lenye presha. Mara nyingine ile kutu ndiyo iliyobaki kuwa kizibo.

Dalili ya kwanza: tone linatoka chini ya bomba, na pande nyingine chuma ni kizima

Hii ndiyo taarifa inayoletwa mara nyingi kuliko zote, na jibu lake la kawaida ni maji yaliyotuama. Mafuta yanapokwenda polepole, maji hujitenga na kulala chini, mchanga na tope hufuata, na chini ya tope hilo dawa ya kuzuia kutu haifiki hata ikimwagwa kwa ndoo. Anza na ukaguzi usiohitaji chombo chochote. Tazama mwinuko wa njia: je, tundu lipo kwenye bonde, kabla ya mahali bomba linapopanda, au kwenye tawi lililofungwa ambalo halitumiki tena? Kisha piga hesabu ya mwendo, yaani ujazo unaopita kwa sekunde ukigawanywa kwa eneo la ndani ya bomba. Ukipata chini ya mita 1 kwa sekunde, tarajia maji na tope kulala. Tatizo hili huwapata sana wanaotumia bomba lililojengwa enzi za uzalishaji mkubwa kupitishia uzalishaji mdogo wa leo, kwa sababu bomba ni lilelile lakini mwendo umepungua.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Prudhoe Bay, Alaska. Tarehe 2 Machi 2006 uligunduliwa uvujaji kwenye bomba la inchi 34, na mapipa kama 5,000 ya mafuta yalikuwa yameshamwagika kupitia tundu ambalo upana wake haukuzidi nusu inchi. Mwendo wa mafuta ulikuwa mdogo, tope lilikuwa limekaa chini, bakteria walikuwa wamejificha humo, na bomba lilikuwa halijapitishiwa pigi la kusafishia (kizibo kinachosukumwa ndani ya bomba na mtiririko wenyewe) tangu 1998. Vifaa vya kugundua uvujaji havikusaidia kitu. Aliyegundua ni mfanyakazi aliyenusa mafuta.

Kisababishi cha pili kwa uwezekano ni kaboni dayoksaidi, ambayo ikiyeyuka katika maji huwa asidi dhaifu. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha presha ya bomba kwa asilimia ya gesi hiyo. Bomba la bar 40 lenye gesi yenye asilimia 3 ya kaboni dayoksaidi lina bar 1.2 za gesi hiyo. Kwa kanuni ya kazi, chini ya bar 0.5 hatari ni ndogo, kati ya 0.5 na 2 chuma kinaweza kulika, na zaidi ya 2 tarajia kulika vibaya. Alama yake ni mabonde yenye sakafu bapa na kingo kali, kana kwamba yamekatwa kwa patasi. Joto nalo lina neno: likipita nyuzi 60 hadi 80 za Selsiasi, kaboneti ya chuma inaweza kujenga utando unaokinga, na mahali utando huo ulipobanduka ndipo mabonde hayo huchimbika.

Kisababishi cha tatu ni dawa isiyofika. Angalia tangi la dawa limepungua kiasi gani kwa wiki, usitosheke na pampu kuonekana ikicheza. Pampu inayocheza na valvu ya kuingizia iliyoziba zinaweza kuishi pamoja miezi mingi bila mtu kujua.

Ukimaliza hayo, pima unene kwa kipimo cha mawimbi ya sauti. Kupima pointi moja juu, moja chini na mbili ubavuni hukosa kishimo chenye upana wa kidole, kwa hiyo chora gridi kwenye nusu ya chini ya bomba na upime kila kisanduku. Hapa nina ombi dogo kwa wanaojaza fomu: kwenye fomu za ukaguzi namba 6 humaanisha chini ya bomba na 12 humaanisha juu, kwa kufuata sura ya saa, lakini sisi tukitamka “saa sita” tunauona mshale uko juu. Andikeni “chini” au “juu” kwa maneno, maana bomba limeshawahi kufukuliwa upande usiofaa kwa jambo dogo kama hili.

Tiba ni kupitisha pigi lenye brashi kwa ratiba, kuongeza mwendo pale inapowezekana, kukata matawi yaliyokufa, na kuingiza dawa mara baada ya kusafisha, wakati chuma kiko wazi. Kama bomba halijapitishiwa pigi kwa miaka, usipeleke pigi kubwa siku ya kwanza. Tope likisukumwa lote kwa pamoja huziba bomba. Anza na pigi laini la sponji, tazama linachotoa, kisha panda taratibu.

Hapa ndipo pa kusimama: kwa utaratibu wa ASME B31G, mwongozo wa Marekani wa kukadiria nguvu ya bomba lililolika, kishimo kilichokula zaidi ya asilimia 80 ya unene hakikokotolewi tena, sehemu hiyo hutolewa kazini au kutengenezwa. Kati ya asilimia 10 na 80, jibu hutegemea urefu wa eneo lililolika pamoja na presha, na hesabu hiyo ni ya mhandisi wa mabomba. Wala wenye mabomba ya gesi “kavu” wasijione wako salama. Karibu na Carlsbad, New Mexico, tarehe 19 Agosti 2000, bomba la gesi la inchi 30 lililolika kwa ndani lilipasuka na kuua watu 12 waliokuwa wamepiga kambi kando ya mto; maji yalikuwa yamekusanyika mahali ambapo pigi halikuweza kupita.

Dalili ya pili: maji meusi, tope jeusi na harufu ya mayai viza

Weusi ni salfaidi ya chuma. Swali ni kama salfa hiyo inatoka kwenye mwamba au inazalishwa ndani ya bomba na bakteria wanaokula salfeti. Linganisha vipimo vya haidrojeni salfaidi mdomoni mwa kisima na mwisho wa bomba: ikiwa kisimani haipo na mwishoni ipo, mzalishaji yumo bombani. Ikiwa ipo tangu kisimani, umerithi kisima chenye salfa, na dalili ya sita hapa chini inakuhusu moja kwa moja.

Kwa uchafu wenyewe kuna jaribio la zamani ambalo bado halijapata mshindani uwanjani. Chukua chembe ya uchafu isiyozidi punje ya mtama, iweke kwenye kisahani mahali penye upepo, na udondoshe tone moja la asidi hafifu ya haidrokloriki. Mapovu yasiyo na harufu huashiria kaboneti, yaani kazi ya kaboni dayoksaidi. Karatasi yenye asetati ya risasi iliyoshikiliwa juu yake ikigeuka kahawia au nyeusi, hiyo ni salfaidi. Tumia karatasi, usitumie pua, kwa sababu kinachotoka ni ileile gesi tuliyoionya. Na jaribio hili halifanywi ndani ya chumba wala kwa kijiko kizima cha uchafu.

Kwa bakteria, sampuli ya maji peke yake hudanganya, kwa kuwa wanaotoboa bomba ni wale walioshikamana na ukuta, si wanaoelea. Chukua tope lililotolewa na pigi au kwangua kipande cha majaribio kilichokaa bombani. Chupa za kuoteshea ziwe na chumvi sawa na maji yako, la sivyo bakteria waliozoea maji makali hawataota na utaandikiwa kuwa bomba ni safi. Nao wanaokula salfeti hupewa siku 28 kabla ya kutangazwa kuwa hawapo.

Dawa ya kuua bakteria hufuata usafishaji, haitangulii, kwa sababu haipenyi tope. Angalia pia dawa zinazouana zenyewe kwa zenyewe: baisalfaiti inayowekwa kuondoa oksijeni huidhoofisha glutaraldehaidi, ambayo ni dawa ya kuua bakteria, na klorini huimaliza baisalfaiti. Nimeona mahali sindano za dawa mbili zinazopingana zimefungwa umbali wa mita chache, kila idara ikisifu dawa yake na kuilaumu ya jirani.

Onyo ambalo husahaulika: salfaidi ya chuma iliyokauka hujiwasha yenyewe ikikutana na hewa. Tope jeusi la pigi liloweshwe maji tangu mlango wa kupokelea pigi unapofunguliwa hadi litakapozikwa au kuchukuliwa. Likianza kutoa moshi, funga kazi na uite kikosi cha usalama.

Dalili ya tatu: kutu nyekundu na vinundu ndani ya bomba la kurudisha maji

Maji ya kisimani hayana oksijeni. Ukikuta wekundu ndani ya bomba, kuna mahali hewa inaingia, na kazi yako ni kutafuta mlango huo kabla ya kuzungumzia dawa. Milango ya kawaida, kuanzia unaoongoza, ni tangi ambalo gesi ya kufunika juu imekwisha au kifuniko chake hakikai sawa. Sili ya pampu upande wa kuvuta, ambako presha ikishuka chini ya ile ya hewa pampu huvuta hewa bila kumwaga hata tone. Na maji ya juu ya ardhi yanayochanganywa na ya kisimani ili kujaza upungufu.

Pima oksijeni palepale bombani, kwa maji yanayotiririka, kuanzia tangini hadi mdomo wa kisima cha kurudishia. Sampuli iliyobebwa kwenye chupa hadi maabara imeshakunywa hewa njiani. Ndivyo ilivyo kwa uchachu pia: kaboni dayoksaidi hutoka chupani na maji huonekana mapole kuliko yalivyo. Lengo la kawaida ni kubaki chini ya sehemu 10 hadi 20 kwa bilioni. Kiasi ambacho mtu wa maji ya kunywa hawezi hata kukitilia maanani, lakini katika maji ya chumvi kinatosha kutoboa.

Kama mlango hauwezi kuzibwa mara moja, sodiamu salfaiti huondoa oksijeni kwa uwiano wa karibu miligramu 8 kwa kila miligramu 1 ya oksijeni, na kwa kawaida huongezwa kidogo zaidi ya hapo. Hiyo ni dawa ya kusubiria fundi wa pampu, si badala yake.

Dalili ya nne: tundu limetokea kwenye kiwiko au kando ya mshono wa kuchomelea

Kwenye kiwiko, tazama kwanza kama kuna mchanga. Mifereji laini inayoelekea upande wa mtiririko, yenye umbo la kwato ya farasi, inaonyesha mmomonyoko unaosaidiana na kutu: mchanga hung’oa utando, maji hula chuma kilichobaki uchi. Tiba huanzia kisimani, kwa kupunguza mwendo au kuzuia mchanga, kwa kuwa kiwiko kipya bila hilo kitaishi umri uleule.

Kando ya mshono, kisababishi kikuu ni mshono uliojitokeza ndani na kuleta msukosuko wa maji. Kinachofuata ni tofauti ya madini kati ya mshono na bomba, ambayo huufanya mshono ulike pekee. Na wakati mwingine tatizo hilo huchochewa na dawa ya kuzuia kutu yenye kipimo kidogo, inayokinga bomba bila kuukinga mshono. Piga picha ya eksirei katika mishono mingine michache iliyochomelewa siku ileile. Ikiwa nayo imelika, acha kutengeneza mmoja mmoja na uite mhandisi wa uchomeleaji.

Dalili ya tano: bomba lililozikwa linavuja kutoka nje

Udongo wa sabkha, yale majangwa ya chumvi ya pwani ya Ghuba, huwa na maji ya chumvi karibu na uso, na ukinzani wake wa umeme huwa mdogo sana. Bomba humo hutegemea vitu viwili: gamba la nje na kinga ya kathodi, yaani umeme mdogo unaopelekwa kwenye bomba ili kisilike chuma chake, bali zilike anodi, vipande vya metali vilivyozikwa kando. (Kinga hiyo haifiki ndani ya bomba. Nalisema kwa kuwa bado kuna ripoti zinazoeleza tundu la ndani kwa hitilafu ya rektifaya, kifaa kinachotoa umeme huo.)

Kipimo cha kinga hiyo kikishuka, anza na rahisi. Je, rektifaya ina umeme? Fyuzi ni nzima? Nyaya hazijakatwa na greda? Kisha hakikisha waya chanya unaelekea kwenye anodi na hasi kwenye bomba. Ukigeuzwa, bomba ndilo litakuwa anodi, na katika udongo wa chumvi litaliwa kwa kasi ya kutisha; baada ya kila matengenezo ya rektifaya, lipimwe bomba, si kusoma geji ya kisanduku tu. Baada ya hapo tafuta mahali umeme unapovuja, hasa flanji za kutenganisha umeme zilizounganishwa bila kukusudia na bolti, ngazi au waya wa ardhini. Gamba la nje na anodi zilizokwisha huja mwishoni, kwa kuwa kuzikagua kunahitaji kufukua. Kumbuka pia kwamba anodi za magnesiamu huisha haraka katika udongo kama huo, na zinki hufaa zaidi.

Kigezo cha kawaida ni milivolti −850 au hasi zaidi kwa elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba, rektifaya ikizimwa kwa sekunde moja wakati wa kusoma. Palipo na bakteria wa salfeti, wengi hudai −950. Usishangilie namba hasi kupita kiasi, kwa kuwa ukivuka takriban −1,200 gamba hubanduka. Elektrodi yenyewe ikilowa maji ya chumvi, kloraidi huingia ndani na kuharibu usomaji, basi ilinganishe na elektrodi safi kabla ya kuanza siku.

Dalili ya sita: ufa bila chuma kupungua unene

Hapa fundi hana cha kurekebisha. Presha ya haidrojeni salfaidi peke yake ikifika kilopaskali 0.3, kiwango kinachotumiwa na ISO 15156, kanuni ya kimataifa ya vyuma vya visima vyenye salfa, haidrojeni inaweza kuingia ndani ya chuma kigumu na kukipasua ghafla, hasa kwenye mishono ambayo ugumu wake umezidi 22 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell C. Katika eneo la mafuta la Kashagan, Bahari ya Kaspi, uzalishaji ulianza Septemba 2013 na ukasimama baada ya wiki chache kwa nyufa za aina hii. Mabomba yalibadilishwa na uzalishaji ukarejea 2016. Ukiona ufa, au uvimbe kwenye ukuta wa bomba lenye salfa, ondoa watu, shusha presha kwa utaratibu wa kituo, na uite mtaalamu. Usichomelee juu yake.

Dalili ya saba: kipande kipya kimetoboka kabla ya kile cha zamani

Wengi hulilaumu duka kwamba chuma ni feki. Mara chache ni kweli. Kwa kawaida chuma kipya kilichounganishwa na cha zamani chenye gamba la kutu huwa anodi, nacho hulika ili kikongwe kipone. Na kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, athari husafiri mbali na mahali pa kuungia. Hali ni hiyohiyo pakiwekwa valvu ya chuma cha pua au ya shaba. Tenganisha kwa flanji yenye gasketi na mirija ya kuvalisha bolti isiyopitisha umeme, au paka rangi pande zote mbili. Kupaka kile kipya peke yake huukusanya ulaji wote kwenye mkwaruzo mmoja. Klampu ni ya muda tu: iandikwe tarehe, na tarehe ya kuondolewa iandikwe siku hiyohiyo.

Kipande kilichokatwa kisioshwe wala kupigwa brashi. Weka alama ya juu, ya chini na ya mwelekeo wa mtiririko kwa rangi kabla ya kukata, kata mbali na tundu ili joto lisiunguze ushahidi, kausha kwa nitrojeni kama ipo, kifunge kwenye plastiki pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu, na kipelekwe maabara na matokeo ya maji yaliyopimwa palepale bombani.